Marahaba ya Lazima

Hakuna kazi ngumu Mbagala hii kama kumwambia mtu mwenye ndevu kwamba yeye bado ni mtoto. Kupanda daladala ya Rangi Tatu saa kumi na mbili jioni huku umebeba trei ya mayai ni mapumziko, ukilinganisha na hilo. Mayai yakivunjika, angalau abiria wanakuonea huruma. Ukimnyima kijana fegi, mtaa mzima unakuona mchawi.

Nina duka. Fremu moja, nondo mbele, shelfu nyuma, mizani kushoto, friji kulia ambalo umeme ukikatika linageuka kabati. Wateja wananiita Mangi, kama Mchaga. Mimi ni Mngoni wa Songea, na Kilimanjaro nimeiona kwenye lebo ya bia tu, lakini Dar es Salaam ukishasimama nyuma ya nondo ukapima sukari, kabila lako limeshaamuliwa na wateja. Hilo nimelizoea. Nisichokizoea ni hiki cheo kipya cha kupima umri wa watu, ambacho hakina mshahara, hakina semina, hakina hata posho ya maji.

Sheria zenyewe hazina utata. Ile ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja ikasema mtoto ni yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na kwamba haruhusiwi kuuziwa sigara, pombe wala kilevi kingine. Michezo ya kubahatisha nayo ni 18. Tangu 2021 mambo ya tumbaku yamewekwa chini ya TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, kwa hiyo fegi sasa ina msimamizi mmoja na panado. Namba ni moja tu, hata mlevi anaikumbuka. Taabu ni kwamba Mungu hakuiandika kwenye paji la uso wa mtu.

Sisi Waswahili tuna kipimo chetu cha umri, cha zamani kuliko sheria zote hizo. Ni shikamoo. Mtu akifika dirishani akasema "shikamoo", mjadala umekwisha: yeye mdogo, mimi mkubwa, anunue daftari aende zake. Lakini vijana nao si wajinga. Mwenye miaka 16 anayetaka fegi haji na shikamoo. Anakuja kifua amekipanua, mkono mmoja kwenye nondo, sauti ameivuta kutoka tumboni.

"Niaje, Mangi."

"Marahaba," namjibu.

Ananitazama. "Mbona sijakupa shikamoo?"

"Najua, mwanangu. Mimi nimeshaitikia. Unataka pipi gani?"

Wengine wanacheka, wanaondoka. Wengine wanaanza kuutukana ukoo wangu wa Kichaga mpaka kwa mababu wa Machame. Matusi hayo nayapokea kwa utulivu kabisa, maana ukoo wenyewe si wangu.

Marahaba ya lazima, hata hivyo, haitoshi. Mbagala ina vijana wa kidato cha nne wanaonyoa ndevu kila asubuhi, na ina wanaume wazima ambao Mungu aliwanyima kimo akawapa ngozi laini. Fundi simu wa fremu ya tatu ni mmoja wao: ana mke, ana watoto, ana hadi kiwanja Chamazi. Nilimwomba kitambulisho mbele ya mkewe. Mke alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kreti la soda. Tangu siku hiyo fundi hanunui kwangu, na simu yangu ikizingua naipeleka Rangi Tatu kwa nauli yangu. Akija kesho namwomba tena. Sheria haikusema "isipokuwa mafundi simu".

Waingereza wana ujanja wao hapa. Kwao pia umri wa kuuziwa pombe ni 18, lakini maduka mengi yana desturi ya kumwomba kitambulisho kila anayeonekana hajafika 25. Ile miaka saba ya katikati ni akiba ya makosa ya macho. Mwuzaji hana haja ya kukisia kama huyu ana 17 au 19. Akiona sura changa anadai karatasi, basi. Nasikia huko mwanamke wa miaka 30 akidaiwa kitambulisho anafurahi, anakwenda kuwasimulia wenzake. Desturi hiyo nimeileta Mbagala. Hapa mtu wa miaka 24 ukimwomba kitambulisho anageuka kuwaita watu: "Jamani, njooni mwone, Mangi amekuwa polisi!"

Na kitambulisho chenyewe si kigumu kukisoma. Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Huhitaji mashine wala intaneti. Unahitaji hesabu ya kutoa, ile ile ninayoifanya kwenye chenji. Tena kadi yenyewe inatolewa kwa aliyefikisha miaka 18, sawa na ya mpiga kura, kwa hiyo mwenye kadi halali, yenye sura yake, ameshajibu swali kabla sijauliza.

Sura yake, narudia. Maana dogo mmoja aliniletea kadi yenye picha ya mwanamume mwenye kipara na kovu juu ya jicho. Nikaitazama kadi, nikamtazama yeye na nywele zake zilizokatwa kwa mtindo wa mchezaji mpira.

"Huyu ni wewe?"

"Mimi huyo, Mangi. Nilikuwa naumwa."

"Na kovu?"

"Lilipona."

Nilimpa pole ya ugonjwa na kumrudishia kadi ya kaka yake. Wengine hawana hata kadi ya kaka. Wanakuonyesha picha kwenye simu iliyopasuka kioo, na ufa, kwa bahati ya ajabu, daima unapita juu ya mwaka wa kuzaliwa.

Kwa muuza duka mwenzangu anayeanza, nampa siri moja ya bure: usitazame uso, tazama miguu. Mwanafunzi akitoroka darasa la jioni anavaa tisheti ya Arsenal juu ya shati la shule, anaficha nembo, anajiona amekuwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Viatu hakumbuki. Kiatu cheusi cha kamba, soksi nyeupe iliyogeuka rangi ya vumbi la Charambe. Sijawahi kuona mtu mzima wa Mbagala aliyevaa soksi nyeupe na viatu vya kamba saa tisa mchana kwa hiari yake.

Lakini si hawa wajanja wanaonimaliza. Wanaonimaliza ni watoto waaminifu.

Mtoto wa darasa la tatu anakuja mbio, noti ameikunja kiganjani imelowa jasho. Anapanda juu ya tofali nililoweka ili wafupi wafike dirishani. Anafumba macho, maana orodha iko kichwani na akitazama pembeni itamwagika: "Shikamoo Mangi, naomba sukari robo, mafuta ya kula ya jero, chumvi, na Portsman za baba." Hiyo ya mwisho anaitamka kwa sauti ile ile ya chumvi. Kwake yote ni mahitaji ya nyumbani.

Nampimia sukari. Namjazia mafuta kwenye kichupa chake. Chumvi hiyo. Chenji naifunga kwenye kipande cha gazeti namkabidhi. "Fegi mwambie baba aje mwenyewe." Mdomo unaanza kucheza, machozi yanakusanyika, kwa sababu anajua akirudi na orodha pungufu ataambiwa amechezea njiani.

Haipiti muda baba anatokea. Kifua wazi, taulo kiunoni, mswaki mdomoni.

"Mangi, hela yangu ina kasoro gani?"

"Hela haina kasoro, mjomba. Aliyeileta ndiye hajatimiza umri."

"Kwani yeye ndiye anayevuta?"

"Na kwani sheria inamtafuta anayevuta? Inamtafuta aliyempa mtoto, ndiye mimi."

"Mimi baba yangu alinituma fegi tangu sijaanza shule. Nimeharibika nini?"

Nilimtazama. Saa nne asubuhi, siku ya kazi, taulo, kikohozi. Nikanyamaza. Mteja ni mfalme.

Hasira yake naielewa, nami ni mzazi. Malezi yetu yamesimama juu ya kutuma. Mtoto wa jirani akipita na wewe una kiu, unamtuma maji. Akijibu "nimechoka" anashtakiwa kwa mama yake kabla jua halijazama. Mkubwa kuinuka kwenye mkeka kwenda dukani wakati nyumba ina mtoto ni aibu, watu watauliza kama mna ugomvi. Kwa hiyo nikimwambia baba mtu "njoo mwenyewe", yeye hasikii sheria ya 2003. Anasikia nimemtuma. Mimi, muuza sabuni za vipande, nimemtuma yeye, mwenye nyumba yake!

Ila na yeye asikilize upande wangu. Mtoto anayetumwa fegi kila siku anazijua chapa zote, anajua ipi kali na ipi laini, anajua bei imepanda lini, na jedwali la saba bado linamshinda. Siku akiamua kuonja hatahitaji kufundishwa kitu. Na atakapokuja kununua ya kwake atasema "ya baba" kwa sauti ile ile, nami nitamtofautishaje? Nikiwauzia wote wanaosema wametumwa, nimeuza kwa watoto wote wa kata, kwa sababu hapa hakuna mtoto ambaye hajatumwa.

Wengine wanajiona wameendelea, wanatuma na barua. "Mangi, mpe huyu kichupa kimoja cha pombe kali. Ni mimi." Ni mimi nani? Mwandiko ni mzuri, wa mistari ya darasani, herufi zimelala upande mmoja. Hakuna baba wa mtaa huu anayeandika hivyo. Wengine wanapiga simu. Sauti nzito ya kiume inaniambia, "Mangi, mpe dogo huyo aliyesimama hapo, hela naituma sasa hivi." Nyuma ya sauti nasikia vicheko vya wenzake, na kengele ya shule inagongwa.

Mtihani mwingine uko ndani ya duka langu. Nina mpwa wangu, kidato cha pili, jioni ananisaidia. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na kuuza sabuni kwa mjomba ni kazi nyepesi. Lakini hebu mweke dirishani, halafu aje mzee wa kijiwe cha bao, mtu aliyembeba akiwa mchanga, amwambie, "We mtoto, nipe hiyo chupa ya pili kutoka kushoto." Nani hapo anamkagua nani? Mnunuzi ametimiza umri mara tatu, muuzaji hajatimiza hata mara moja. Na siku wenzake wa darasani wakija, atawadai kitambulisho kwa ujasiri gani, wakati kesho wanakaa naye dawati moja?

Nikanunua kufuli. Sigara na pombe viko kwenye kabati la nyuma, na nikienda Kariakoo kufuata mzigo ufunguo ninao mfukoni. Wateja wakifika mpwa anawaambia, "Mjomba hayupo, kabati limefungwa." Wanalalamika kwamba nimemfanya mtoto wa watu sanamu. Basi heri sanamu, haipelekwi mahakamani.

Hata kiberiti cha kwenye kamba nimekiondoa. Mnakijua: kile cha gesi kinachoning'inia kwenye nondo za kila duka, ili mnunuzi awashe hapo hapo. Kamba yake inashuka mpaka kifuani mwa mtu mzima, ambapo ndipo yalipo macho ya mtoto wa miaka tisa aliyekuja kununua mkate. Anasimama kwenye foleni anasoma somo zima: pakiti inafunguliwaje, moto unakingwaje upepo, moshi unatolewa puani au mdomoni. Sasa kiko ndani, anayetaka moto anaomba, nampa, akawashie mbele huko. Kwa hilo nimeitwa mnyanyasaji.

Wenye kumbukumbu fupi niwakumbushe viroba. Pombe kali ilikuwa kwenye kipakiti cha plastiki kilichoingia mfuko wa shati la shule, na nafasi ya kalamu ikabaki. Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza mwisho wake, na kuanzia tarehe 1 Machi 2017 viroba vikawa marufuku. Sababu zilitajwa mbili kubwa: uchafuzi wa mazingira, na vijana waliokuwa wanakwisha, wakiwemo wanafunzi. Mitaro ilipumua. Nasi tukapumua, tukadhani mambo yamekwisha. Hayakukwisha. Chupa zikapungua kimo mpaka zikapata jina la visungura. Kisungura nacho kinaingia mfukoni, tofauti ni kwamba sasa kinagongana na funguo na unamsikia mtu anapotembea. Hayo ndiyo maendeleo tuliyopata. Kifungashio kilipigwa marufuku kwa siku moja. Kukagua umri wa mnunuzi hakuna siku kunakoisha, na kumebaki dirishani kwangu.

Jirani yangu wa kulia yeye ameweka mashine ya kamari, dubwi. Umri wa kucheza ni 18, kila mtu anajua. Lakini tundu la sarafu liko usawa wa kifua cha mtoto, na sarafu ya mia mbili haina tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nayo. Mama anamtuma mwanawe nyanya. Nyanya hazifiki, hela haifiki, mtoto anafika akiwa na maelezo. Halafu mama anakuja kugomba kwangu, eti kwa nini nilikuwa natazama tu. Wakala wa hizo mashine alishakuja na kwangu, akaniahidi mgawo mzuri nikikubali moja ikae kibarazani. Nikamwuliza: na nani atasimama kuangalia umri wa wachezaji?

"Si wewe? Kwani hushindi hapa?"

Mnaona? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kila mwenye sheria, kila mwenye mashine, kila mwenye kiwanda akitafuta wa kuubeba, macho yanatua kwa Mangi.

Tena sheria zetu za umri zenyewe zinamchosha mtu kichwa. Kupiga kura 18. Ubunge 21. Urais 40, kwa hiyo mpwa wangu bado ana muda wa kujifunza kuuza sabuni. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka kwamba binti anaweza kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mpaka Rebeca Gyumi akalipeleka suala hilo mahakamani. Mahakama Kuu ikasema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Maana yake kulikuwa na miaka ambayo binti angeweza kuwa mke wa mtu, ana jiko lake na mtoto mgongoni, na mimi nikatazwa kumuuzia fegi ya mumewe. Fegi ilikuwa na ulinzi mkali kuliko yeye. Na ukienda Mutukula mambo yanazidi: Uganda, kwa sheria yao ya 2015, tumbaku ni mpaka miaka 21. Kijana wa miaka 19 upande wa Kagera ni mtu mzima anayechoma mapafu yake kihalali. Akivuka kwenda kununua pakiti nyingine anarudi utotoni. Kenya nao mwaka 2025 walitoa sera inayopendekeza umri wa pombe upande kutoka 18 hadi 21. Wakiupandisha na hapa, fundi simu wa fremu ya tatu hatanisamehe mpaka kaburini.

Wakaguzi ndio kabisa. Dukani kwangu wanapita wa kila aina. Anayetaka leseni ya biashara, anayetaka leseni ya vileo, anayetaka risiti, anayekagua mizani, anayekagua mtungi wa kuzimia moto, anayedai ushuru wa taka ambazo mwenyewe nazichoma. Wote wana kalamu na kitabu cha faini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Mangi, mtoto akija kununua pombe unamjibuje?" Nimejiandaa na jibu tangu zamani, linaniozea mdomoni.

Nilipoona hakuna wa kunifundisha nikajiwekea taratibu zangu, na wauza maduka wenzangu nawapa bure. Weka bango. Langu nimeliandika kwa kalamu nene kwenye ubavu wa boksi la biskuti: HATUUZI SIGARA WALA POMBE KWA WALIO CHINI YA MIAKA 18. Usiku mmoja mtu akaongeza chini yake, "WALA MKOPO". Nimeliacha, yote ni kweli. Bango halimzuii mtu, lakini linakupa pa kuonyesha kidole wakati wa mabishano, na mtu akibishana na boksi mwisho anachoka.

Halafu chagua sentensi moja ya kukatalia na uitumie hiyo hiyo kwa wote, mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa mama muuza vitumbua: "Sheria hainiruhusu, njoo na kitambulisho." Usieleze. Ukianza kueleza umeshaingia kwenye majadiliano, na Mbagala hakuna bei isiyoshuka ikijadiliwa. Usikubali barua, usikubali simu, usikubali "nimetumwa". Mchunguze na mtu mzima mwenye haraka: bodaboda aliyeacha pikipiki inanguruma, ananunua visungura vitatu asivyovijua hata jina, na ng'ambo ya barabara soksi nyeupe tatu zinasubiri chini ya mwembe. Huyo ni wakala wa kuvushia umri, na ujira wake ni funda moja. Mwambie zimekwisha.

Na andika. Nyuma ya daftari langu la madeni kuna kurasa za waliokataliwa: tarehe, saa, na maelezo kidogo. "Tisheti ya Arsenal, anasema ana 20, amesahau alizaliwa mwaka gani." "Mrefu, ameleta kadi ya mwenye kipara." Siku mkaguzi wa kweli akija, nina ushahidi kwamba nilikuwa kazini. Kwa sasa anayezisoma ni mke wangu, na anacheka kuliko alivyowahi kucheka nilipomposa.

Hasara ipo, nisiwadanganye. Ninayemkataa anavuka mtaro, na ng'ambo ya mtaro kuna duka ambalo lingemuuzia fegi hata paka akiwa na hela. Na huyo ndiye anayesifiwa, eti "yule Mangi muungwana". Duka moja likikataa peke yake, mtoto anapata zoezi la miguu tu. Ndiyo maana nawaomba wenyeviti wa serikali za mtaa, kuanzia Mbagala mpaka Tandale: mikutano yenu kila mara ni taka na ulinzi shirikishi. Siku moja tuiteni sisi wenye maduka yote ya mtaa, tukubaliane mbele ya wazazi kwamba hakuna atakayeuza, na atakayeuza atajwe kwa jina mkutano unaofuata. Faini ya serikali haitishi mtu hapa mtaani kuzidi kutajwa mkutanoni.

Na ninyi wazazi, wajomba, mashangazi na kaka wakubwa: mtumeni mtoto sukari. Mtumeni chumvi, mkaa, vocha, hata kilo tano za unga, nitambebesha na kumsindikiza kwa macho mpaka kona. Fegi na chupa zifuateni wenyewe. Dirisha langu liko wazi mpaka saa nne usiku, na mtu mzima namuuzia hata akija na taulo.